Msitu Usiopaliliwa: Historia ya Kuhifadhi na Kupanda Upya Miti ya Asili Kisiwani Morisi

Utangulizi

Mkulima azungumzaye Kiswahili hutofautisha kazi tatu ambazo mtu asiyelima huzichanganya: kupanda, kulinda na kupalilia. Kupanda ni kutia mbegu au mche ardhini. Kulinda ni kuwafukuza ndege, ngedere na wezi. Kupalilia ni kuliondoa gugu ili mmea upate mwanga na chakula. Mkulima ajua ya kuwa shamba lililopandwa vizuri na kulindwa usiku na mchana, lakini lisilopaliliwa, halitamlisha yeye na watoto wake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti hiyo ya maneno ni ufunguo wa historia ya miti ya asili katika msitu wa mvua wa kisiwa cha Morisi, au Mauritius kama kinavyoandikwa katika ramani. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia mbili watawala na wataalamu wa kisiwa hicho walijaribu kuulinda msitu wao kwa sheria, kisha wakajaribu kuurudisha kwa kupanda. Kupalilia kulichelewa kupata nafasi yake, na katika kuchelewa huko miti mingi iliyokuwa ikilindwa iliendelea kufa.

Tumekichagua kisiwa hiki kwa sababu tatu. Kwanza, habari za misitu yake ziliandikwa mapema, na hivyo mwenye kutafiti hana haja ya kubuni. Pili, historia yake imefungamana na ya pwani yetu, kama tutakavyoona. Tatu, palizuka huko ubishi wa kitaalamu kuhusu mti mmoja na ndege mmoja, na ubishi huo una funzo kwa kila mtu ambaye kazi yake ni kusimulia mambo ya kale.

Hatuna budi kueleza istilahi moja kabla ya kuendelea. Tunaposema "mti wa asili" tunakusudia mti ambao jamii yake ilifika kisiwani bila msaada wa mwanadamu: kwa upepo, kwa mawimbi, au tumboni mwa ndege. Miti kama hiyo, ikikaa peke yake kwa mamilioni ya miaka, hubadilika hata isifanane tena na ndugu zake wa bara. Morisi ni kisiwa cha volkano chenye umri wa miaka milioni nane hivi. Mimea yake ya asili itoayo maua ni aina zipatazo 690, na kati ya hizo karibu 270 hazipatikani mahali pengine popote duniani. Mmea wa namna hiyo ukitoweka kisiwani, umetoweka ulimwenguni.

Kisiwa na majina yake

Morisi iko mashariki ya Madagaska, na eneo lake ni kilomita za mraba 1,865 hivi. Kabla ya Wazungu kuhamia huko kisiwa hakikuwa na wakazi. Hata hivyo kilijulikana. Ramani ya Cantino ya mwaka 1502 yaonyesha visiwa vitatu katika sehemu hiyo ya bahari, navyo vimepewa majina yenye asili ya Kiarabu. Kimojawapo kimeandikwa Dina Arobi. Ni dhahiri kuwa mabaharia wa bahari hii walikuwa na habari za visiwa hivyo, ingawa hawakuona haja ya kuhamia.

Mvua hunyesha kwa wingi katika nyanda za juu za kusini na kusini-magharibi, na huko ndiko msitu wa mvua ulikokuwa umestawi. Haukuwa msitu wa miti mirefu kama ile ya Kongo, kwa maana tufani za kila miaka michache huivunja miti inayojitokeza. Ulikuwa msitu mnene wa miti ya kimo cha wastani, yenye mbao ngumu na inayokua polepole mno. Ndani yake mlikuwa na aina kadhaa za abunusi, na mti mkubwa wa utomvu uitwao kolofani. Palikuwa na miti ya nati iliyopendwa na maseremala, na pia tambalakoke, ambao tutauzungumzia kwa urefu hapo mbele.

Neno "abunusi" tumelitumia kwa makusudi. Wengi wetu tungesema "mpingo", lakini mpingo wa kwetu, ambao Wamakonde huuchonga, ni mti wa jamii ya kunde. Mti mweusi wa Morisi ni wa jamii nyingine kabisa, ambayo wataalamu huiita Diospyros. Kiswahili kina maneno yote mawili, na yafaa kila moja litumike mahali pake.

Shoka

Waholanzi walitia nanga mwaka 1598 na kukipa kisiwa jina la mwanamfalme wao Maurits. Walifanya makao mwaka 1638, wakaondoka 1658, wakarudi 1664, na mwaka 1710 wakakiacha kabisa. Kilichowavuta zaidi kilikuwa abunusi. Walikata miti hiyo na kuisafirisha, lakini idadi yao ilikuwa ndogo, na walipoondoka sehemu kubwa ya kisiwa ilikuwa bado ni msitu.

Hasara yao kubwa zaidi haikutokana na shoka. Mwaka 1639 waliletwa kulungu kutoka Java. Nguruwe, mbuzi, panya na kima nao walifika katika miaka hiyo ya mwanzo, wengine kwa kuletwa, wengine kwa kujificha ndani ya marikebu. Dodo, yule ndege mkubwa asiyeweza kuruka (si embe dodo wetu), alitoweka kabla ya karne ya kumi na saba kwisha. Mwaka 1662 ndio unaotajwa na wengi kuwa wa mwisho kuonekana kwake. Kobe wakubwa wa kisiwa waliliwa hadi wakaisha. Kwa hiyo msitu ulipoteza wanyama waliokula matunda yake na kutawanya mbegu zake, ukapata badala yao wanyama wanaotafuna mbegu na miche.

Wafaransa walikitwaa kisiwa mwaka 1715, wakakiita Isle de France, na kuanzia miaka ya 1720 wakaanza kukifanya koloni la mashamba. Hapa ndipo historia ya msitu ule inapoingiliana na yetu. Kazi ya kukata misitu, kung'oa visiki, kujenga bandari na kulima ilifanywa na watumwa, na wengi wao walitolewa Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa ili apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Twaweza kusema, bila kutia chumvi, kwamba mikono iliyoangusha sehemu ya msitu wa Morisi ilikuwa mikono ya watu waliotoka katika nchi zilizo nyuma ya Kilwa na Msumbiji.

Lakini watu hao hao ndio walioujua msitu kwa namna ambayo mabwana zao hawakuijua. Waliotoroka walikimbilia milimani na vichakani, na mlima wa Le Morne, ulio kusini-magharibi, umebaki kuwa ukumbusho wao hata leo. Uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kwa bwana shamba, msitu ulikuwa mbao na ardhi ya kulima. Kwa mtoro, ulikuwa maficho, chakula na dawa. Kumbukumbu zilizohifadhiwa ni za bwana shamba. Ujuzi wa mtoro haukuandikwa, na bila shaka sehemu yake kubwa imepotea pamoja na miti yenyewe.

Sheria

Haifai kudhani kwamba wakoloni wote walikuwa vipofu. Pierre Poivre, aliyekuwa mkuu wa utawala wa kiraia kisiwani kuanzia mwaka 1767 hadi 1772, aliona kwamba ukataji ulikuwa ukikausha mito na kuharibu udongo. Mwaka 1769 ilitolewa amri ya kuhifadhi misitu. Kila mwenye shamba alitakiwa aache robo ya ardhi yake ikiwa na miti, hasa kwenye miteremko ya milima, na miti iliyo kandokando ya maji isiguswe. Wanahistoria wengi wa mazingira huihesabu amri hiyo miongoni mwa sheria za mwanzo za aina yake katika makoloni ya nchi za joto.

Yafaa tujiulize: amri hiyo ililinda nini? Ililinda mvua, mito, udongo na akiba ya mbao. Hayo yote ni mema. Lakini haikujali kama mti uliosimama juu ya mteremko ni kolofani ya kisiwa au ni mti wa kigeni. Mbele ya sheria, mti ulikuwa mti tu.

Waingereza walikiteka kisiwa mwaka 1810. Baada ya mwaka 1825, sukari ya Morisi ilipoanza kuingia Uingereza kwa ushuru sawa na ule wa sukari ya visiwa vya Karibi, mashamba ya miwa yalienea kwa kasi kubwa. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1835, na vibarua wa mkataba kutoka Uhindi wakaletwa kwa maelfu, lakini muwa haukusita. Mwaka 1838 mtaalamu wa mimea Louis Bouton, mzaliwa wa kisiwa, aliandika kuhusu kupungua kwa misitu na hatari zake. Jina lake limebaki katika ua la taifa la Morisi, Trochetia boutoniana. Maneno yake hayakusikilizwa sana wakati huo.

Kilichowashtua watawala ni ugonjwa. Katika miaka ya 1866 hadi 1868 malaria iliua makumi ya maelfu ya watu. Haikujulikana bado kwamba malaria huenezwa na mbu, na wengi waliona kwamba kisiwa kimeadhibiwa kwa kukata misitu yake. Mwaka 1880 Thompson, bwana misitu aliyeletwa kutoka Uhindi, aliandika ripoti juu ya hali ya kuharibika ya misitu iliyosalia. Serikali ikaanza kununua ardhi na kupanda miti.

Lakini ilipanda miti gani? Mivinje, mikaratusi, na baadaye misonobari. Miti hiyo hukua upesi, hutoa kuni na mbao, na bwana misitu huweza kuiona kazi yake kabla hajastaafu. Mti wa asili hukua kwa mwendo wa vizazi. Hata katika miaka ya 1970, mimea ya asili ya sehemu za nyanda za juu za kusini iliondolewa ili misonobari ipandwe. Kwa hiyo, kwa karibu miaka mia moja, neno "kupanda miti" kisiwani lilikuwa na maana ya kupanda miti ya kigeni, wakati mwingine mahali pale pale palipokuwa na msitu wa asili.

Gugu

Katika miaka ya 1930 wanabotania wawili, R. E. Vaughan na P. O. Wiehe, walifanya kazi ambayo haikuwa imefanywa kabla yao. Waliupima msitu wa mvua wa Macabé, wakahesabu mashina makubwa na madogo, aina kwa aina, na matokeo yao yakachapishwa kati ya mwaka 1937 na 1941. Kwa hesabu hiyo waliwaachia waliokuja baadaye kipimo cha kulinganishia. Vaughan ndiye pia aliyekuwa mtunzaji wa kwanza wa Hebaria ya Morisi ilipoanzishwa mwaka 1960.

Sheria mpya ilifuata. Amri ya mwaka 1944 ilifungua njia, na mwaka 1951 hifadhi za kwanza za mimea ya asili zikatangazwa. Mwaka 1977 Macabé na Bel Ombre zikaingizwa katika mpango wa UNESCO wa hifadhi za viumbehai. Mwaka 1994 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Black River Gorges, yenye eneo la hekta 6,574. Mtu akitazama karatasi tu, angedhani kazi imekwisha.

Msituni mambo yalikuwa kinyume. Mpera mdogo wenye matunda mekundu, ambao asili yake ni Brazili na ambao wataalamu huuita Psidium cattleianum, ulikuwa umeenea chini ya miti mikubwa hata ukawa kama ukuta wa fito. Pamoja nao palikuwa na Ligustrum robustum, kichaka kutoka Asia ya Kusini, na ravenala wa Madagaska, ambaye jina lake la Kimalagasi lina maana ya jani la msitu. Mbegu za mpera huliwa na ndege, kima na nguruwe, nao huzipeleka kila mahali. Mche wa abunusi ukiota chini ya ukuta huo haupati mwanga. Ukipata mwanga, hutafunwa na kulungu. Na kabla haujaota, kima hulichuma tunda bichi na kulitupa, na panya huvunja kokwa.

Msitu wa namna hiyo hufa ukiwa wima. Hakuna anayeukata. Miti ya zamani imesimama, yatoa maua, hata yatoa matunda. Lakini chini yake hakuna watoto. Tufani ikiuangusha mti mmoja, nafasi yake huchukuliwa na mpera. Wataalamu waliorudi Macabé katika karne ya ishirini na moja, wakalinganisha waliyoyaona na hesabu za Vaughan na Wiehe, walikuta miti ya asili imepungua sana, ingawa mahali hapo palikuwa ndani ya hifadhi muda wote huo. Ulinzi wa sheria ulimzuia mwenye shoka. Haukuuzuia mpera.

Kisa cha dodo na tambalakoke

Hapa ndipo ubishi tulioutaja unapoingia. Mwaka 1977 Stanley Temple, mtaalamu wa ndege kutoka Marekani, alichapisha makala mafupi katika jarida la Science. Alieleza kwamba tambalakoke, ambao jina lake la kitaalamu ni Sideroxylon grandiflorum, ulikuwa umebaki miti 13 tu, yote mizee, na kwamba kila mmoja ulikadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 300. Kwa maoni yake, kokwa la mti huo ni gumu kiasi kwamba mbegu haiwezi kutoka mpaka lisagwe kwanza katika firigisi ya ndege mkubwa. Ndege huyo alikuwa dodo. Dodo alipokufa, mti ukawa tasa. Ili kulithibitisha hilo, Temple aliwalisha bata mzinga makokwa 17. Saba yalivunjika, na kati ya kumi yaliyosalia matatu yakaota.

Ni kisa kizuri. Kina mwanzo na mwisho, kina marehemu wa kuliliwa, na kina fundisho. Kiliingia katika vitabu vya shule na vya chuo, na kwa miaka mingi walimu walikisimulia bila kusita.

Mwaka 1979 jarida hilo hilo lilichapisha majibu ya A. W. Owadally, wa idara ya misitu ya Morisi. Hoja zake zilikuwa za mtu aujuaye msitu kwa miguu. Dodo, alisema, yaelekea aliishi zaidi katika tambarare kavu za pwani, hali tambalakoke ni mti wa msitu wa mvua wa nyanda za juu. Arthur Hill wa bustani ya Kew alikuwa ameeleza tangu mwaka 1941 jinsi mbegu za mti huo zinavyoota bila ya kokwa kusagwa. Vaughan na Wiehe walikuwa wameona miti michanga, ambayo haikuweza kuwa imezaliwa wakati wa dodo. Tena, mti wa nchi za joto hauonyeshi umri wake kwa urahisi, na kwa hiyo ile miaka 300 ilikuwa makisio. Utafiti uliochapishwa baadaye, ukiwamo ule wa Witmer na Cheke wa mwaka 1991, uliikubali sehemu kubwa ya hoja hizo. Miti ilikuwa mingi kuliko 13, na mingine ilikuwa michanga.

Hatusemi kwamba Temple alikosea katika kila jambo. Msukumo wa fikira yake, kwamba mti huweza kumhitaji mnyama, ni wa kweli, na hapo mbele tutaona ushahidi wake. Tunalotaka kulisisitiza ni jingine. Visa viwili vilikuwapo kuhusu mti mmoja. Cha kwanza kilisema: mti wafa kwa sababu ya aliyekufa. Cha pili kilisema: mti wafa kwa sababu ya walio hai, yaani kima, nguruwe, kulungu na mpera. Kisa cha kwanza kilienea duniani. Cha pili kilibaki kwa wachache. Na tofauti yao si ya maneno matupu. Ukiamini cha kwanza, huna la kufanya ila kusikitika na kutafuta bata mzinga. Ukiamini cha pili, huna budi kuchukua panga na kuingia msituni.

Wanabotania Baider na Florens, waliolichunguza jambo hilo upya na kuchapisha matokeo yao mwaka 2006, walilinganisha sehemu za msitu zilizopaliliwa na zisizopaliliwa. Waliona kwamba hali ya tambalakoke ilifungamana na mimea ya kigeni inayouzunguka. Gugu, basi, ndilo lililokuwa mshitakiwa.

Jembe na ua

Tangu miaka ya 1980 kazi ya kupalilia ilichukuliwa kwa uzito. Vipande vidogo vya msitu, kwa mfano huko Macabé na Brise Fer, vilizungushiwa ua ili kulungu na nguruwe wasiingie, na vibarua wakang'oa mimea ya kigeni kwa mkono, shina kwa shina. Serikali na Shirika la Wanyamapori la Morisi, lililoanzishwa mwaka 1984, wameshirikiana katika kazi hiyo.

Matokeo yake yanastahili kuangaliwa. Katika msitu wa Brise Fer, miaka kadhaa baada ya kupaliliwa, mimea ambayo ilidhaniwa kuwa imetoweka ilionekana tena, bila kupandwa na mtu. Miti iliyokuwa ikitoa maua machache ilianza kuzaa zaidi. Udongo na miti mizee vilikuwa vimetunza akiba. Kilichokosekana kilikuwa nafasi. Funzo lililo wazi ni kwamba, mahali ambapo miti mizazi bado ipo, palizi huweza kutangulia kitalu.

Kuna miti, hata hivyo, ambayo imebaki michache mno hata palizi peke yake haitoshi. Elaeocarpus bojeri, kwa mfano, imejulikana kwa miti mizima isiyozidi kumi, karibu na ziwa la Grand Bassin ambalo ni takatifu kwa Wahindu wa kisiwa. Kwa miti kama hiyo kazi ya kitalu ni ya lazima: kukusanya mbegu kabla kima hawajazifikia, kuziotesha, na kuirudisha miche ndani ya ua. Lakini kitalu nacho kina mipaka yake, na mpaka huo unaonekana katika bustani ya Curepipe. Huko kuna mti mmoja wa jamii ya mitende, Hyophorbe amaricaulis, ambao ndio pekee uliosalia wa aina yake duniani. Maua yake ya kiume na ya kike hayakomai kwa wakati mmoja, hivyo ni vigumu ujichavushe wenyewe. Majaribio ya kukuza viinitete vyake katika maabara yamefanywa, na miche ikapatikana. Ilipohamishiwa udongoni, ikafa.

Kuhusu wanyama waliopotea, ushahidi bora umetoka nje ya msitu wa mvua, katika kisiwa kidogo cha Île aux Aigrettes, chenye hekta 26 za msitu mkavu wa pwani. Mwaka 2000 kobe wakubwa wa Aldabra waliletwa huko wachukue kazi ya kobe wa Morisi waliokwisha toweka. Wamekula matunda ya abunusi wa mahali hapo na kuzitawanya mbegu zake, na utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mbegu zilizopita tumboni mwao ziliota vizuri zaidi. Kwa hiyo fikira ya Temple ilikuwa na chembe ya ukweli: mnyama ana kazi yake. Lakini hata huko, kobe waliletwa baada ya panya kuangamizwa na palizi kuanza.

Vikwazo

Mtu aweza kuuliza: ikiwa dawa yajulikana, kwa nini msitu wote haujapaliliwa? Sababu ya kwanza ni gharama. Gugu likishang'olewa hurudi, na palizi hutakiwa kurudiwa mwaka baada ya mwaka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa Macabé ulionekana tangu miaka ya 1930. Msitu wa asili ulio katika hali nzuri sasa haufiki asilimia mbili ya kisiwa, na maeneo yaliyozungushiwa ua ni sehemu ndogo ya hiyo.

Sababu ya pili ni kwamba gugu lina wapenzi. Msimu wa mapera madogo ukifika, familia hupanda nyanda za juu na vikapu, na huo ni utamaduni wa watu ambao hauwezi kupuuzwa. Kulungu nao wana wenyewe, kwani uwindaji na ufugaji wao ni biashara katika ardhi za watu binafsi, ambako sehemu ya msitu uliosalia ipo. Ugomvi mkali zaidi umehusu popo mkubwa wa kisiwa, ambaye huchavusha maua na kutawanya mbegu za miti mingi ya asili. Kwa kuwa popo huyo hula pia malichi na maembe ya wakulima, serikali iliamua auawe kwa wingi. Mwaka 2015 pekee waliuawa zaidi ya 30,000. Wakulima walikuwa na hasara ya kweli. Lakini msitu uliokwisha poteza dodo na kobe ulipunguziwa tena mmoja wa wapanzi wake wachache waliosalia, na safari hii kwa amri ya serikali ile ile iliyokuwa ikigharamia vitalu.

Tamati

Tumeona vipindi vitatu. Katika cha kwanza, kuanzia mwaka 1769, kuhifadhi kulikuwa na maana ya kukataza: usikate hapa, acha robo ya shamba. Katika cha pili, kuanzia mwisho wa karne ya kumi na tisa, kulikuwa na maana ya kupanda chochote kitakachomea. Katika cha tatu, ambacho bado kinaendelea, kumekuwa na maana ya kupalilia, na kupanda yale tu ambayo palizi haiwezi kuyarudisha. Kila kipindi kiliona kosa la kilichotangulia, lakini hakuna kilichoanza mapema vya kutosha.

Kwa sisi tunaoshughulika na lugha, kuna neno la kuongeza. Katika makongamano na ripoti zetu tumezoea kulitumia neno "hifadhi" kana kwamba linaeleza kila kitu. Linaeleza kuweka, kutunza, kuzuia kisipotee. Ndilo neno la mtu anayefungia kitu kabatini. Msitu hauwezi kufungiwa kabatini. Lugha yetu imetupa neno jingine, la shambani, lisilotajwa sana katika maandishi ya wasomi, nalo laeleza kazi isiyo na mwisho wala sherehe, ya kuinama na kung'oa ili kilicho chako kipate kukua. Historia ya Morisi yaonyesha kwamba mwenye kuandika juu ya misitu kwa Kiswahili angefanya vema kulitia neno hilo katika istilahi zake.

Tambalakoke ungali unamea katika nyanda za juu za Morisi. Makokwa yake huanguka kila msimu. Palipopaliliwa, baadhi yao huota.